Likizo ndefu, watoto nyumbani: mwongozo kamili wa kutumia intaneti bila mtoto kuganda kwenye simu

Wazazi wenzangu, shule zikifungwa mwezi wa sita au Desemba wiki ya kwanza inakuwaga nzuri tu, watoto wanalala mpaka saa tatu, wanacheza, nyumba imechangamka. Wiki ya pili ndo kelele zinaanza, mama nimeboreka, baba naomba simu, tv iko kwenye katuni toka asubuhi na ukizima unaonekana mbaya. Kenya wenzetu wanayapitia Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka, na ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani wanayapitia mwezi wa saba na wa nane, likizo ya kiangazi, tena wao mtoto anakaa ndani hata majirani hawajui. Kilio ni kimoja.

Na wengi tunaishia sehemu mbili, ama tunampa simu ashinde nayo, ama tunampeleka tuisheni mwezi mzima kama vile shule haijafungwa. Mimi sikubaliani na yote mawili. Mtoto anahitaji kupumzika, na intaneti ina vitu vizuri mno vya bure, tatizo hatuna utaratibu wa kuvitumia. Utaratibu ninaoupendekeza hapa unasimama kwenye sheria moja tu: kila kinachoanza kwenye skrini lazima kiishie mkononi. Ameangalia video ya hesabu, achore. Amesoma hadithi, atunge yake. Ameona umeme kwenye kompyuta, awashe taa ya ukweli. Ukiishika hiyo sheria mambo mengine yote yatajipanga, hata bando litadumu.

HATUA YA 1: Hesabu ulichonacho

Ushauri mwingi wa likizo unatolewa kama vile kila mtoto ana tableti yake na wifi ya nyumbani haikatiki. Kwetu wengi ni simu moja, nayo inaondoka na mzazi asubuhi inarudi jioni. Basi panga kwa hali hiyo hiyo, usisubiri mpaka upate kompyuta. Mambo ya mtandaoni yawe jioni na wikiendi, alafu mchana mtoto abaki na kazi ya mikono iliyotokana na alichokiona jana jioni. Na nakwambia ukweli hata mwenye wifi afanye hivi hivi, kwasababu mtoto akiwa na skrini asubuhi mchana hatulii tena, atakuwa anaidai tu.

Sasa fungua droo utafute ile simu ya zamani, kioo kimepasuka kidogo lakini inawaka. Hiyo ndo mali. Irudishe kama ilivyotoka dukani, usiweke laini, usiweke akaunti yako, wala kitu chochote cha pesa. Jumapili jioni unaiunganisha kwa hotspoti ya simu yako, unapakia vitu vya wiki nzima, unazima. Kuanzia hapo mtoto anaitumia bila intaneti kabisa na wewe ukiwa kazini roho imetulia. Ukiweza kuongeza memori kadi ongeza. Na mwambie dada anayebaki na watoto kwamba haitumiki ikiwa kwenye chaja, betri za zamani zinachemka.

Kuhusu bando, mla bando ni video. Saa moja ya video kwenye 360p (ubora wa chini wa picha) inakula kama MB 300 hivi, hiyo hiyo kwenye 1080p (ubora wa juu) inaweza kupita GB 1 na nusu, na kwenye kioo cha simu mtoto haoni hata tofauti. Ingia kwenye mipangilio ya YouTube ushushe ubora, alafu zima ile ya video kujicheza yenyewe moja baada ya nyingine, hiyo ndo inayomaliza bando na ndo inayompeleka mtoto kwenye vitu ambavyo hukumchagulia. Vitabu vya kusoma, chesi, programu za kutengeneza vitu, hivyo vinakula kidogo sana. Kama mtandao wako una bando la usiku la bei chee, hilo ndo la kupakulia, weka alamu amka upakie ulale tena.

HATUA YA 2: Funga milango kabla hujampa

Hapa usiruke. Kama simu ni ya Android weka Family Link ya Google, ni ya bure, unamfungulia mtoto akaunti yake chini ya yako, unaweka muda wa kila siku, saa ya kulala simu inajifunga, na hawezi kupakia programu mpaka wewe uidhinishe. Mwenye iPhone ana Guided Access ndani ya mipangilio, ukiiwasha mtoto anabaki kwenye programu moja tu hatoki mpaka uweke namba ya siri. Android nazo nyingi zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini, tafuta kwenye upande wa usalama.

Kama anatumia simu yako mwenyewe badilisha namba ya siri ya pesa za simu kama anaijua (wanazijua, wanatuangalia vidole!) na weka Play Store idai paswedi kwa kila manunuzi. Gemu nyingi za bure zinauza vitu ndani.

Alafu kaa naye umwambie sheria kwa maneno ya kawaida. Hatuandiki jina letu kamili, jina la shule wala tunapokaa. Hatutumi picha. Mtu akikuuliza maswali ya ajabu, akikuomba picha au akikwambia usimwambie mama, unakuja kuniambia na mimi sitakugombeza wala sitakunyang'anya simu. Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote, watoto wengi wananyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa. Na ujue kwamba Tanzania na Kenya kuna namba 116 ya msaada kwa mtoto, piga ukiona jambo limekuzidi.

HATUA YA 3: Weka muda unaoshikika

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwa watoto chini ya miaka mitano, wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hiyo wale wadogo wanaotulizwa na simu ili wale uji, hapo tunajidanganya. Kwa wakubwa mimi napendekeza saa moja mpaka moja na nusu siku za kawaida na wikiendi saa mbili kwa siku, na angalau saa nzima ya kukimbia nje kila siku, kombolela, rede, mpira, kamba, chochote cha kutoa jasho. Macho nayo kila dakika 20 ainue kichwa aangalie kitu cha mbali, mti wa jirani, kwa sekunde 20.

Muda usiuweke kwa saa peke yake, weka kwa kazi. Ukimwambia mtoto "dakika tano tu" atalia, ukimwambia "ukimaliza hii hadithi unafunga unakuja kunisimulia" anafunga mwenyewe, maana kuna mwisho anaouona.

HATUA YA 4: Chagua shughuli

Usichukue zote. Mtoto mmoja, shughuli mbili kwa wiki, basi. Ukimwekea kumi atazigusa gusa zote na hakuna atakayoimaliza.

Wadogo, miaka 3 mpaka 6. Anza na katuni ya Akili and Me, inatengenezwa na shirika la Ubongo la hapa hapa Dar es Salaam, Akili ni kabinti ka miaka minne kanakoishi chini ya Mlima Kilimanjaro na wanafundisha herufi, namba, hisia, kwa Kiswahili chetu. Iko YouTube. Chagua kipindi kimoja tu kwa siku, angalia naye mara ya kwanza, alafu kesho mchana mpe kazi ya mkono: kama ni herufi ya M achore kwenye mchanga kwa kidole, atafute vitu vitatu ndani ya nyumba vinavyoanza na M, mwiko, mkeka, mto. Kama ni namba ahesabu maharage. Watoto wa umri huu kurudia kipindi kile kile siku tatu hakuwachoshi, wanapenda, na wewe bando linapona. Kwa wenye tableti kuna ScratchJr, ya miaka 5 mpaka 7, vibloku vyake ni vya picha kwahiyo hata asiyejua kusoma anaweza, na ukishaipakia haihitaji intaneti.

Wa miaka 7 mpaka 10. Ubongo Kids ni saizi yao, hesabu na sayansi kwa nyimbo na visa. Lakini kwa umri huu mimi msisitizo wangu ni kusoma. Kuna African Storybook, maktaba ya bure ilioanzia Afrika Kusini, imejaa vitabu vya picha kwa lugha za Afrika na Kiswahili kimo cha kutosha, vimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno machache mpaka aya ndefu. Unavisoma mtandaoni au unavipakua, na leseni yake inaruhusu kuchapa bila kuomba kibali. StoryWeaver ya Pratham Books kule India nayo ina vya Kiswahili. Pakua vitabu vitano Jumapili, kila siku kimoja. Anakisoma kwa sauti kwa mdogo wake, au kwa dada, au anajirekodi anakutumia voisi nouti jioni.

Alafu anatunga chake. Chukua karatasi moja ya A4, ikunje katikati mara tatu mpaka upate vyumba nane, ifungue, ikunje nusu kwa upana, kata katikati kuanzia upande wa mkunjo mpaka kwenye mstari wa kwanza, ifungue tena, ikunje kwa urefu alafu isukume ncha mbili zikutane, kitabu cha kurasa nane kimepatikana bila gundi wala pini. Ukurasa wa kwanza jina la kitabu na la mwandishi, wa mwisho picha ya mwandishi, zinabaki sita za hadithi. Mtoto asiyependa kuandika insha ya shule atajaza kurasa sita hizi bila kulazimishwa, kwasababu ni kidogo na ni kitabu kweli.

Wakubwa, miaka 10 mpaka 14. Hapa nitakaa zaidi, maana ndo tunaoshindwa nao, katuni wamezikinai na bado hatutaki waingie mitandao ya kijamii.

Kwanza Scratch. Ilitengenezwa na MIT Media Lab ya Marekani, watu wakaanza kuitumia mwaka 2007, ni ya bure na inafundisha kupanga amri za kompyuta kwa kubandika vibloku vya rangi, hamna kuandika kodi. Uzuri wake ina Kiswahili, ingia kwenye sehemu ya lugha juu ya ukurasa uchague. Inataka kompyuta au tableti, kwenye simu inabana sana. Kama una kompyuta pakua ile toleo lake lisilohitaji intaneti, unaiweka mara moja umemaliza.

Kazi ya kwanza msimwambie atengeneze gemu kubwa, atakata tamaa. Mwambie atengeneze mazungumzo ya sungura na fisi. Yule paka anayekuja mwenyewe anafutwa, anachagua wanyama wawili au anachora wake, anaweka mandhari ya nyuma. Anachukua kibloku cha njano chenye bendera ya kijani, hicho ndo cha kuanzisha, chini yake anabandika vya zambarau vya kusema maneno kwa sekunde mbili, sungura anasema, fisi anasubiri kwa kibloku cha rangi ya chungwa, anajibu. Mara ya kwanza watasema wote kwa pamoja, mwache. Hapo hapo ndo somo lilipo, atagundua mwenyewe kwamba fisi inabidi asubiri sekunde ngapi. Akishapata, aende kwenye sehemu ya sauti arekodi sauti yake mwenyewe badala ya maandishi. Nimeona mtoto wa darasa la tano akikaa na kitu hiki jioni nzima anahesabu sekunde kwa vidole, mtoto yule yule ambaye ukimpa zoezi la hesabu anaumwa tumbo. Kazi anaihifadhi kwenye kompyuta, hana ulazima wa kufungua akaunti wala kuitangaza kwa watu.

Pili, majaribio ya sayansi ya kwenye skrini ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman yule aliyepata Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Baadhi yametafsiriwa Kiswahili na mengi yanafunguka kwenye simu ya kawaida. Tafuta lile la kujenga sakiti za umeme. Mtoto anavuta betri, waya, taa, swichi, anaunganisha, taa inawaka na anaona vile vichembe vya umeme vinatembea kwenye waya. Mwambie aongeze betri ya pili aone mwanga. Alafu mwambie aunganishe waya toka upande mmoja wa betri mpaka mwingine bila taa katikati, betri itawaka moto pale kwenye skrini, na hapo ndo umemfundisha shoti ya umeme kuliko maneno mia.

Kesho yake mchana afanye ya kweli: betri mbili ndogo za redio, kitaa cha tochi mbovu, vipande viwili vya waya, selotepu, na kipande cha karatasi ya fedha ya sigara au biskuti kutengenezea swichi. Betri hizi ndogo hazina hatari ila akiunganisha shoti zitachemka kwahiyo aache mara moja akihisi joto. Na mwambie bila kupepesa macho, soketi ya ukutani haiguswi, hiyo ni volti 230 na hairudiwi.

Tatu, kuangalia kituo cha anga. Hii karibu haina gharama na familia nzima inatoka nje. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina watu ndani yake bila kukatika toka Novemba 2000, kinazunguka dunia kwa dakika kama 90 kikiwa juu kilomita 400 hivi, na kinapita juu ya Afrika Mashariki. NASA wana huduma inaitwa Spot the Station, unaweka mahali ulipo, Dar es Salaam, Mombasa, Mwanza, popote, inakupa tarehe, saa, kitatokea upande gani na kitaonekana dakika ngapi. Angalia tu saa zao zimeandikwa kizungu, 19:10 ni saa moja na dakika kumi usiku. Mpe mtoto kazi ya kutafuta upande wa mashariki na magharibi kabla giza halijaingia, aandae kalamu na daftari. Kitatokea kama nyota nyeupe kali inayotembea taratibu bila kupepesa, ikipepesa hiyo ni ndege. Kinaonekana muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, kwasababu chenyewe huko juu bado kinamulikwa na jua wakati sisi tuko gizani. Maswali yatakayofuata usiku huo hutayamaliza, wale walioko kule wanaona jua likichomoza mara 16 kwa siku, wanalalaje, wanaendaje chooni, andika maswali yote na kesho mtafute majibu pamoja.

Nne kwa haraka haraka. Chesi, ingia tovuti ya Lichess, ni bure haina matangazo na unaweza kucheza na kompyuta ukianzia kiwango cha kwanza, akifungua akaunti washa hali ya watoto ili mtu asimwandikie ujumbe. Bodi achore mwenyewe kwenye manila, miraba nane kwa nane, makete ni vifuniko vya soda 32 alivyovichora alama. Mwambie habari za Phiona Mutesi aliyejifunza chesi akiwa mtoto pale Katwe, Kampala, mpaka akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi. Google Earth nayo ni nzuri, afuate reli ya SGR toka Dar, Morogoro mpaka Dodoma, ile iliyoanza kubeba abiria 2024, au ile ya Nairobi na Mombasa, apime umbali, aandike mito na milima anayoipita alafu achore ramani ya mtaa wenu. Na kwa wanaopenda wadudu na majani kuna Seek ya iNaturalist, anaelekeza kamera kwenye mmea inamwambia jina, haimdai kujisajili, na inamtoa nje ya nyumba.

Masomo? Mimi siyaweki likizo isipokuwa kama mtoto ana somo moja linalomsumbua kweli. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, chagua mada moja tu iliyomshinda, nusu saa kwa siku, mwezi ukiisha atakuwa ameimudu. Zaidi ya hapo mwache.

HATUA YA 5: Waingize bibi, babu na binamu

Hii watu wengi hawaiwazi na ndo inayofurahisha kuliko zote. Fungua grupu la WhatsApp la vitendawili, muweke bibi, shangazi, wajomba, watoto wanatumia simu ya mzazi. Kila jioni saa moja mtu mmoja anatega kwa voisi nouti, "Kitendawili!", wengine wanajibu "Tega!", nyumba yangu haina mlango, watu wanahangaika mpaka mtu aseme yai. Wakishindwa wanampa mji, na aliyetega anatamba kidogo kabla ya kutoa jibu. Voisi nouti zinakula bando kidogo mno. Mtoto awe na daftari, kila kitendawili kipya anaandika pamoja na jina la aliyekitega. Bibi akishazoea atakuwa anarekodi na hadithi, paukwa pakawa kamili, na hizo hadithi ndo zinazoingia kwenye vile vitabu vya kurasa nane, na zihifadhi, sauti ya bibi ni mali.

Kwa wenye ndugu nje, Agosti ni mwezi mzuri maana watoto wa Kenya, wa Uingereza na wa Marekani wote wako nyumbani kwa wakati mmoja. Pangeni simu ya video mara moja kwa wiki. Saa kumi na mbili jioni ya Nairobi na Dar ni saa kumi jioni London, saa moja usiku Muscat na saa nne asubuhi Minneapolis, wote wako macho. Zoom ya bure inakatika dakika 40 na hizo zinatosha sana, msipige za kuangaliana tu, muwe na kitu cha kufanya, wiki hii kila mtoto anaonyesha alichopika, wiki ijayo kila mmoja anasoma ukurasa wa kitabu alichotunga. Watoto wa nje ndo wanapata mazoezi ya Kiswahili hapo, kuliko programu yoyote ya kufundisha lugha, kwasababu binamu hamsubirii atafute neno, anamcheka kidogo wanaendelea.

HATUA YA 6: Ratiba ya wiki

Bandika kwenye friji au mlangoni, na mtoto aiandike mwenyewe kwa mkono wake, akiandika mwenyewe hawezi kubisha. Mfano wa nyumba yenye simu moja ni huu. Jumapili jioni mnachagua pamoja na kupakia. Jumatatu mpaka Alhamisi asubuhi ni kazi za nyumbani kwanza, kutandika, vyombo, kufagia, alafu kazi ya mikono ya jana, mchana kulala au kusoma, saa kumi nje, jioni mzazi akirudi ni muda wa skrini kwa saa moja, baada ya hapo vitendawili na kulala. Ijumaa hamna skrini, ni kumalizia. Jumamosi maonyesho: kila mtoto anasimama sebuleni anaonyesha alichotengeneza wiki hiyo, watu wanapiga makofi, na mzazi simu yako weka chini siku hiyo, nakuomba. Watoto wanajua ukiwa unaangalia na ukiwa unajifanya unaangalia.

Ikikwama

Itakwama, haswa siku nne tano za mwanzo. Mtoto aliyezoea kushinda na katuni atalia na kusema kila kitu kibaya, usimpe kwa kumhurumia na usimpigie kelele, mwache aboreke. Baada ya saa moja hivi ataanza kuchezea kitu mwenyewe. Kama anaacha kila kazi katikati, kazi ni ngumu, igawe vipande. Kama wanagombania simu, zamu ziwe kwa saa ya ukutani sio kwa maneno, au wape kazi ya wawili, mmoja anabonyeza mwingine anaandika. Umeme ukikatika siku ya kupakia, hamna shida, ile wiki inakuwa ya vitabu vya karatasi na bodi ya chesi.

Na kama watoto wanaenda kwa bibi kijijini ambako mtandao ni wa kupanda juu ya kichuguu, wiki moja kabla anza kuandaa ile simu ya zamani: vitabu ishirini hivi vya African Storybook, vipindi vichache vya Ubongo, manila ya chesi imekunjwa, daftari la vitendawili, karatasi za A4 nusu rimu, penseli za rangi, na chaja ndogo ya sola kama huko umeme haujafika. Mpigie bibi mapema umwambie simu inatoka jioni kwa muda wa saa moja tu, mengine yote anayapanga yeye.